Karatasi ya mahudhurio si ridhaa

Mkutano wa wakazi na halmashauri ya jiji kuhusu mpango wa kuendeleza upya mtaa wao huwa na karatasi moja ambayo wengi hawaitilii maanani. Huzungushwa tangu mwanzo, kiti hadi kiti, ikiwa na safu ya jina, safu ya namba ya simu na safu ya sahihi. Mtu anaandika, anamkabidhi jirani kalamu, kisha anageukia ukutani ilikobandikwa michoro: majengo marefu, miti iliyopangwa mstari, watoto wakikimbia kwenye nyasi. Miezi kadhaa baadaye karatasi ile inaibuka tena, safari hii ikiwa kiambatisho cha ripoti, na ripoti inasema wananchi walishirikishwa. Aliyeuliza, aliyepinga, aliyelia, aliyeondoka katikati kwa sababu hakuelewa kinachosemwa, wote wamekuwa idadi moja.

Napinga matumizi hayo ya karatasi ile. Mahudhurio yanathibitisha kwamba mtu alikuwepo, basi. Ushirikishwaji unapimwa kwa mabadiliko: mpango uliingia mkutanoni ukiwaje, na ulitoka ukiwaje? Kama ulitoka vilevile, basi ama wakazi waliridhika na kila mstari wa mchoro, jambo gumu kuaminika mahali ambapo nyumba zao zitabomolewa, ama hawakusikilizwa.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko umri wa maofisa wengi wanaousimamia leo. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya nchi yake, alichapisha makala iliyoupanga ushirikishwaji kama ngazi yenye vipandio vinane. Viwili vya chini havikuwa ushirikishwaji kabisa: watu wanachezewa, au wanatulizwa kana kwamba ugonjwa uko kwao. Katikati akaweka kupewa taarifa, kuulizwa maoni, na kugawiwa viti vichache ili watu wapoe. Juu kabisa akaweka ubia, kukabidhiwa mamlaka, na wakazi kuongoza wenyewe. Mwaka huohuo nchini Uingereza kamati iliyoongozwa na Arthur Skeffington ilitoa ripoti iliyotaka wananchi waingie wakati mipango inaundwa, wasisubiri kuonyeshwa iliyokamilika. Zaidi ya nusu karne imepita. Mikutano mingi bado imesimama kwenye kipandio cha nne, kile cha kuulizwa maoni, na kipandio hicho kina hila yake: unaweza kuulizwa kwa heshima zote, ukajibu kwa uwazi wote, na kusiwe na mtu hata mmoja anayelazimika kufanya lolote na jibu lako.

Sababu kubwa ni wakati. Kabla ya mkutano wa kwanza kuitishwa, mtu fulani ameshachora mpaka wa eneo la mradi. Mtu fulani ameshaamua kwamba nyumba zitabomolewa, hazitakarabatiwa. Mtu fulani ameshakokotoa nyumba ngapi zinahitajika ili fedha ya mwekezaji irudi na faida juu yake, na idadi hiyo ndiyo iliyozaa urefu wa majengo. Baada ya hapo mkazi anaitwa aseme anapenda kuta za rangi gani na mabenchi yakae upande upi wa bustani.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la mpaka, kwa kuwa ndilo linalopita kimya kuliko yote. Mstari unaochorwa kwenye ramani unaamua nani ataitwa mkazi na nani ataitwa jirani. Mkazi anapelekewa barua, anahesabiwa, anafanyiwa tathmini, pengine anapata fidia. Jirani wa ng'ambo ya barabara hapati kitu. Lakini mradi ukikamilika, kodi ya pango ya huyo jirani itapanda kwa sababu mtaa wa mbele yake umekuwa wa thamani. Mtaro wa maji ya mvua uliozibwa ndani ya mpaka utafurika nje ya mpaka. Fundi viatu ambaye wateja wake wote walitoka kwenye nyumba zilizobomolewa atakaa na meza yake tupu, na jina lake halimo kwenye jalada lolote, kwa kuwa meza iko hatua kumi nje ya mstari. Mpaka ungekuwa ajenda ya kwanza ya mkutano wa kwanza, ukichorwa kwa penseli mbele ya watu, wengi kati ya hawa wangejitokeza wenyewe na kusema, "Na sisi je?"

Swali la kubomoa au kukarabati nalo lina historia ambayo wakazi wanaijua kuliko mhandisi aliyekuja kwa siku mbili. Wanajua paa lilianza kuvuja lini, wanajua waliripoti mara ngapi, wanajua ni mwaka gani mafundi waliacha kuja. Inatokea jengo likatelekezwa na mwenye jukumu la kulitunza, likachakaa, kisha uchakavu wake ukawa ushahidi wa kulibomoa. Haki hapa ni kuweka gharama za njia mbili mezani pamoja: kukarabati kutagharimu kiasi hiki, kubomoa na kujenga upya kiasi hiki, na katika kila njia nani anahama, kwa muda gani, akae wapi. Njia moja ikiletwa peke yake, mkutano umekuwa wa kutangaza.

Sasa tuje kwa anayeitwa. Kumbukumbu za mji hufuata umiliki, na umiliki hufuata hati. Mwenye nyumba anayeishi mji mwingine hupata barua ya halmashauri; mpangaji aliyelala ndani ya nyumba hiyo miaka kumi na miwili husikia habari kwa majirani. Kwa mwenye hati, uendelezaji unaweza kuwa tathmini, mazungumzo na hundi. Kwa mpangaji ni notisi ya kuhama. Katika mitaa mingi inayoendelezwa upya wapangaji ndio wengi, tena ndio wenye watoto katika shule za pale, wenye biashara ndogo pale, wanaokwenda kazini kwa miguu kutokea pale. Mpango unaozungumza na wenye hati peke yao umezungumza na walio wachache.

London ilijaribu kulijibu swali hili kwa kura. Tangu mwaka 2018, halmashauri au shirika la nyumba linalotaka fedha za Meya kwa mradi unaobomoa nyumba za kijamii, yaani zile zinazopangishwa kwa kodi nafuu na halmashauri au mashirika hayo, na kujenga nyumba mpya 150 au zaidi linatakiwa kwanza kupata kura ya ndiyo ya wakazi. Wapangaji wa nyumba hizo wanapiga kura kuanzia umri wa miaka 16. Wamiliki wanaoishi hapo angalau mwaka mmoja wanapiga pia. Na aliyekaa mwaka mmoja kwenye orodha ya halmashauri ya wanaosubiri nyumba ana kura akiwa anaishi hapo, hata kama amepanga kwa mtu binafsi. Naupenda utaratibu huu kwa jambo moja: "hapana" ina uzito. Ofisa anayejua kwamba kuna kura mbele yake huandika ahadi zake kwa maandishi, hutaja ukubwa wa vyumba, hutaja kodi, hutaja nani atarudi. Hata hivyo tundu lipo. Mpangaji wa mtu binafsi asiyekuwa kwenye orodha ile hana kura, ingawa atahama siku ileile na jirani yake. Na kura moja ya ndiyo au hapana haiwezi kuubeba mpango wenye mambo mia. Mtu anaweza kuhitaji sana bomba na bafu jipya akajikuta, kwa kulitaka hilo, ameidhinisha ghorofa ishirini asizozitaka.

Halafu kuna wale walioitwa wakafika na bado wakabaki nje. Mkutano wa saa nane mchana siku ya kazi unachagua nani aje. Lugha nayo inachagua. Mtaalamu akisema "msongamano wa kati wenye matumizi mseto", mama aliyekaa mstari wa tatu anajiuliza kama swali lake kuhusu mahali pa kuanika nguo linafaa kuulizwa hapo. Linafaa sana, pengine ndilo swali muhimu kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, kwani familia za ghorofani huishi na kuanika, kufua na kubeba maji kila siku, wakati ile nyasi ya kwenye mchoro watoto watafukuzwa wasiikanyage. Katika miaka ya 1970, Mwingereza Tony Gibson alibuni njia ninayoiona bora kuliko maikrofoni: wakazi wanatengeneza wenyewe mfano mkubwa wa mtaa wao kwa maboksi na karatasi, kisha kila mtu anaweka kadi mahali anapotaka kitu kibadilike. Hakuna anayesimama kuhutubia. Mwenye haya anaweka kadi kama mwenye sauti kubwa, na kadi zikishajaa mahali pamoja, hata mtaalamu anaiona hoja bila kuelezwa.

Lakini kadi na mifano haitoshi kama hesabu zimefungwa kabatini. Heygate, mtaa wa nyumba za halmashauri kusini mwa London uliokamilika mwaka 1974, ulikuwa na nyumba zaidi ya 1,000. Ulibomolewa, na ubomoaji ukamalizika mwaka 2014. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2013 ulihesabu nyumba mpya zipatazo 2,500. Zile za kodi ya kijamii, ambazo mkazi wa zamani angeweza kuzimudu, hazikufika 100. Wakazi wakatawanyika. Walipouliza kwa nini ni chache hivyo, jibu lilikuwa kwamba hesabu ya mradi hairuhusu zaidi, na hesabu yenyewe ikatajwa kuwa siri ya biashara. Suala likaenda mpaka kwenye baraza la rufaa za haki ya taarifa, ambalo mwaka 2014 liliagiza sehemu ya nyaraka hizo itolewe. Wakati huo nyumba zilikuwa zinamalizika kuanguka.

Kwangu hiki ndicho kiini cha suala zima. Mkazi anaambiwa "haiwezekani" na mtu mwenye karatasi ambayo mkazi haruhusiwi kuisoma. Kila kinachobishaniwa mkutanoni, urefu wa jengo, idadi ya nyumba nafuu, upana wa bustani, kimeshafungwa na mistari michache ya hesabu: bei ya ardhi, gharama ya ujenzi, bei ya kuuzia, kiwango cha faida. Badilisha kiwango cha faida kidogo tu na idadi ya nyumba nafuu inabadilika. Halmashauri ikitoa ardhi ya umma, au ruhusa ya umma ya kujenga juu zaidi, basi hesabu iliyojengwa juu ya ardhi na ruhusa hiyo ni ya umma pia, na iwekwe mezani siku ya kwanza pamoja na mtu wa kuisaidia kusomeka, anayelipwa na mradi lakini aliyechaguliwa na wakazi.

Atakayeona natia chumvi uzito wa jambo hili, na atazame West End ya Boston. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali iliupa mtaa ule jina la makazi duni, ikaubomoa, ikawahamisha maelfu ya watu. Mwanasaikolojia Marc Fried aliwafuatilia waliohamishwa na mwaka 1963 akachapisha alichokikuta: wengi wao, muda mrefu baada ya kuhama, walikuwa wakiomboleza, kwa namna ileile mtu anavyomwombolezea marehemu. Baadhi walikuwa wamepata nyumba bora kuliko za awali. Walichopoteza hakikuwa kwenye fomu ya tathmini: ngazi walizokaa jioni, dada aliyeishi ghorofa ya chini, mwenye duka aliyewakopesha mpaka mwisho wa mwezi. Mthamini hupima kuta na paa kwa kuwa ndivyo sheria ilivyomtuma. Watakaomwambia kuhusu dada wa ghorofa ya chini ni watu wenyewe, na watamwambia endapo tu wanaamini kuna atakayefanya kitu.

Upande wa halmashauri nao una hoja, na si hoja za kupuuza. Mji unahitaji nyumba kwa watu ambao bado hawajafika, na hao hawana kiti mkutanoni. Mkazi anayekataa jengo jipya karibu naye anaweza kuwa anamfungia mlango mtu maskini kuliko yeye. Katika mitaa yenye uwezo mikutano ya wazi imetumika hivyo mara nyingi, wenye muda na mawakili wakizuia nyumba nafuu kwa jina la kulinda mandhari. Na kila mwezi wa kuchelewa una gharama. Nayakubali yote matatu. Ndiyo maana sisemi wakazi wapewe turufu juu ya kila jambo la mji. Bomba kuu la maji taka linaamuliwa kwa mji mzima. Ila kwa anayehamishwa hali ni nyingine. Anayepoteza mandhari na anayepoteza kitanda hawawezi kuwa na neno lenye uzito sawa, na mkutano ambao wote wawili wanapewa dakika tatu tatu haujatenda haki kwa yeyote. Kuhusu ucheleweshaji, mara nyingi muda unaookolewa mwanzoni hulipwa baadaye mahakamani, pamoja na riba.

Ukitaka kuona kazi hii inavyofanywa kwa watu wengi sana, Mukuru ya Nairobi ni shule. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza kuwa eneo maalumu la upangaji, mtaa wenye kaya zipatazo 100,000, wengi wao wapangaji wa vyumba vya mabati. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa duni, na wenzao walianza na kaya kumi kumi: kila kumi zikawa kikundi, vikundi vikaungana, wawakilishi wakapanda ngazi mpaka meza ya mpango. Mashirika na vyuo vikuu wakagawana kazi kwa mada, maji, afya, ardhi, fedha, barabara, na kila kundi likaandaa sehemu yake likiwa na wakazi. Kaya kumi ni idadi ambayo kila mtu anasikika na kila mtu anajulikana akikosekana. Hakuna anayeweza kudai kwamba mtaa ulikubali ikiwa kikundi cha kaya kumi kinajua hakikuulizwa. Wakazi ndio walioeleza, kwa mfano, kwamba maskini wa Mukuru walikuwa wakinunua maji kwa bei ya juu kuliko wenye mabomba rasmi, na hoja ya huduma ikabadilika: watu hawa tayari wanalipa, tena wanalipa kuliko wanavyostahili.

Mpango ule ulileta barabara na vituo vya afya. Na bado, mwaka 2021, nyumba za makumi ya maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga, sehemu ya Mukuru hiyohiyo, kupisha barabara. Hili linauma kulitaja, lakini kuliacha ni kumdanganya msomaji. Watu waliokuwa wamehesabiana kumi kumi, waliochora, waliojadiliana miaka, walikuta matingatinga asubuhi. Upangaji mzuri haukuwa na kufuli. Ardhi ilikuwa na wenye hati wengine na mashauri mengine, na mamlaka zilizoamua kuhusu barabara zilikuwa mbali na meza ambayo wakazi walikaa.

Ndiyo maana mfano ninaourudia zaidi ni wa Dudley Street, katika kitongoji cha Roxbury, Boston. Mtaa ulikuwa na viwanja vitupu vipatavyo 1,300 baada ya miaka ya moto, kutelekezwa na utupaji taka. Mwaka 1984 taasisi zenye nia njema zilianza kuunda chombo cha kuufufua, na walipowaletea wakazi muundo wa bodi, wakazi walikuwa na viti vichache tu. Watu wakasimama wakauliza: wenye mtaa ni nani? Muundo ukavunjwa, ukaundwa mwingine wenye wakazi wengi, na viti vikagawanywa sawa kwa jamii kuu za pale hata zile zenye watu wachache. Swali moja, mkutano mmoja, na kitu kikabadilika; hicho ndicho kipimo nilichotaja mwanzo. Kisha mwaka 1988 mamlaka ya uendelezaji ya jiji iliwakabidhi wakazi wenyewe uwezo wa kisheria wa kutwaa viwanja vitupu ndani ya eneo lao, jambo ambalo kikundi cha mtaa nchini Marekani hakikuwa kimewahi kupewa. Ardhi ikawekwa chini ya amana ya jamii: nyumba inauzwa, ardhi haiuzwi, na bei ya kuuzia nyumba tena ina kikomo ili anayefuata naye aimudu. Thamani ya mtaa ilipopanda, waliovumilia miaka ya taka hawakufukuzwa na mafanikio yao wenyewe.

Si kila halmashauri itakabidhi mamlaka ya kutwaa ardhi, najua. Ila iko hatua ndogo ambayo haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Mkutano usifungwe kabla muhtasari haujasomwa kwa sauti mbele ya waliosema, kila mtu asikie maneno yake yaliandikwaje na ayasahihishe hapohapo. Kila hoja iliyotolewa ipewe namba. Ripoti inayokwenda kwa madiwani iwe na jedwali la namba hizo: hoja ilikuwa ipi, mchoro ulibadilika wapi kwa ajili yake, na kama haukubadilika, sababu ni ipi na ofisa gani ameitia sahihi sababu hiyo. Jedwali lirudi mtaani wiki nne kabla ya kikao, libandikwe mahali palepale ilipobandikwa michoro, na wale walioandika majina yao kwenye karatasi ya kwanza wapigiwe simu, kwa kuwa namba zao zipo, waambiwe waje kulisoma. Diwani atakayeletewa karatasi ya mahudhurio bila jedwali hilo aikatae, airudishe kwa aliyeileta, na kikao kiahirishwe.